Kabla ya Kuwasha Taa, Uliza Stima Inatoka Wapi

Wasee, wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kuna mchezo wa wanafunzi niliusaidia upande wa taa, kwa ukumbi mmoja hapa Nairobi ambao sitautaja. Tulikuwa na taa sita za jukwaani, spika mbili, projekta moja na ekstensheni mbili. Ukumbi umejaa. Mama wa mchezo ameketi kwa kiti, anafungua barua ya mtoto wake, watu wametulia kabisa. Halafu giza. Kwa sekunde tatu hivi watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Nunueni tokeni!" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Barua ya mama ikafia hapo.

Kumbe jikoni mtu alikuwa amewasha lile birika kubwa la chai ya mapumziko, na jikoni na jukwaa vilikuwa kwa laini moja.

Lakini hiyo si aibu ninayotaka kusema. Aibu ni kwamba nilipoenda kuchomoa ekstensheni yangu nyuma ya pazia, iliniunguza kiganja. Niliacha waya wote ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, na plastiki ilikuwa imeanza kulainika. Juu yake kulikuwa na pazia jeusi la kitambaa chepesi. Mbele ya pazia kulikuwa na watu kama mia mbili, na milango ilikuwa miwili, mmoja umefungwa ili watu wasiingie bila tiketi.

Birika la chai lilituharibia mchezo, lakini huenda pia lilituokoa, kwa sababu ndilo lililofanya breka ikate.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya stima kwenye majumba ya michezo. Nilidhani itakuwa historia ya taa. Sivyo. Ni historia ya swali moja: moto unaingia kwa mlango mmoja, sasa nani anaugawa, na nani ana ruhusa ya kuukata?

Turudi nyuma kidogo, kabla ya stima.

Zamani jukwaa lilimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Halafu ikaja gesi. Huko London, mwaka wa 1817, majumba ya Drury Lane na Lyceum yalianza kutumia gesi jukwaani. Ukisikia gesi usifikirie mtungi wa jikoni. Hii ilitengenezwa kiwandani kwa makaa ya mawe, ikapita kwa bomba chini ya barabara hadi ndani ya jumba.

Na hapo ndipo kitu muhimu kilizaliwa. Bomba moja kubwa linaingia, halafu linagawanyika kuwa mabomba madogo mengi, kila moja na koki yake: hili la taa za mbele, hili la taa za juu, hili la pembeni. Koki zote zinawekwa mahali pamoja, na mtu mmoja anasimama hapo. Akifunga koki hii kidogo, upande huu unafifia. Akifungua ile, upande ule unang'aa. Waliiita meza ya gesi. Ukienda leo kwenye ukumbi wowote mkubwa ukaona ubao wa swichi za taa, huyo ni mjukuu wa meza ya gesi. Wazo la kugawa nguvu kutoka mahali pamoja lilikuwepo jukwaani miaka mingi kabla ya stima.

Lakini gesi ni mwali wa wazi. Na jukwaani kuna nini? Nguo, mapazia, mbao, rangi, kamba. Mwaka wa 1862 kule Paris, msichana anayeitwa Emma Livry, nyota wa densi ya baleti, alikuwa kwenye mazoezi ya opera. Sketi yake nyepesi ikapita karibu na taa ya gesi. Ikashika moto. Aliishi na majeraha kwa miezi minane hivi, akafa Julai 1863 akiwa na miaka 20. Kulikuwa tayari na dawa ya kuloweka nguo ili zisishike moto haraka, ila ilifanya kitambaa kiwe kigumu na kisipendeze, kwa hivyo yeye aliikataa. Simlaumu. Hata sisi leo tunachagua kitu kinachopendeza kwanza, usalama tunaufikiria baadaye.

Sasa tufike 1881, mwaka ambao, kwangu mimi, kila mtu anayefanya sanaa ya jukwaa angepaswa kuujua.

Richard D'Oyly Carte alikuwa mfanyabiashara wa michezo ya kuimba huko London, yule aliyewaunganisha Gilbert na Sullivan. Alijenga jumba jipya, Savoy, akaamua litamulikwa kwa stima. Lilifunguliwa tarehe 10 Oktoba 1881, na linatambuliwa kama jengo la kwanza la umma duniani kumulikwa lote kwa stima. Taa zilikuwa za Joseph Swan, karibu 1,200.

Wengi husimulia hadi hapo, wakapiga makofi. Mimi ninapenda sehemu inayofuata. Usiku ule wa ufunguzi, stima haikutosha. Ukumbi wa watazamaji uling'aa, lakini jukwaa lenyewe bado lilitumia gesi. Mtambo haukuweza kubeba vyote viwili. Yaani jengo la kwanza duniani kufanya hivi lilianza na tatizo lile lile langu mimi na birika la chai: mahitaji makubwa kuliko laini.

Tofauti ni alichofanya Carte. Hakulazimisha. Alisubiri uwezo uongezwe. Hakukuwa na kampuni ya kumletea stima mlangoni, kwa hivyo ilikuwa inatengenezwa kwenye kiwanja kando ya jumba, kwa injini za mvuke zenye nguvu za farasi kama 120. Ukipiga hesabu ya leo, hizo ni kama kilowati 90. Gawanya kwa taa 1,200, unapata wati 75 kwa kila taa. Hesabu inakubali. Mtu alikaa chini akaipiga kabla.

Jambo lingine: pamoja na fahari yote ya stima, Carte aliacha mabomba ya gesi ndani ya jengo, na mwali mmoja mdogo ukiwaka muda wote. Kwa nini? Ili stima ikipotea, watu wasibaki gizani. Mtu aliyekuwa akiitangaza stima kwa ulimwengu hakuiamini peke yake.

Na sasa, kati ya usiku ule wa Oktoba na siku ambayo jukwaa la Savoy lilipata stima, kitu kilitokea Vienna.

Tarehe 8 Desemba 1881, jumba la Ringtheater lilikuwa linajaza watu kwa opera ya jioni. Taa za gesi za jukwaani zilipokuwa zinawashwa, mapambo yaliyoning'inia yakashika moto. Moto ukaruka hadi upande wa watazamaji. Gesi ikafungwa, na uamuzi huo ukaleta giza totoro kwenye ngazi na vijia. Kulikuwa na taa za mafuta za dharura, lakini hazikuwa zimewashwa. Milango ilifunguka kwa ndani, kwa hivyo watu walipoisukuma kwa wingi, ikajifunga zaidi. Huko nje habari zikaenea kwamba watu wote wameokolewa. Kwa hesabu rasmi walikufa watu 384. Siku iliyofuata, wakazi wa mji huo wakaanzisha chama cha kujitolea cha uokoaji, ambacho ndicho chanzo cha huduma ya ambulensi ya Vienna.

Siku 20 tu baadaye, 28 Desemba, jukwaa la Savoy likawaka stima. Carte alitoka mbele ya watu akiwa na balbu inayowaka, ameizungushia kitambaa chepesi kinachoshika moto upesi. Akaivunja. Taa ikazima, kitambaa hakikuungua. Ukisimuliwa tukio hilo bila Vienna, ni tangazo la biashara tu. Ukijua kwamba kila mtu pale ndani alikuwa amesoma gazeti la mwezi huo, unaelewa alikuwa anawajibu nini.

Hapo ningeweza kumaliza: gesi mbaya, stima nzuri, kwaheri. Lakini historia haikubali.

Chicago, 30 Desemba 1903. Jumba la Iroquois lilikuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu uliopita, na lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Ilikuwa onyesho la mchana, wiki ya likizo, kwa hivyo ukumbi ulijaa akina mama na watoto. Taa moja kali ya stima jukwaani ilitoa cheche. Cheche ikashika pazia la kitambaa. Pazia la kuzuia moto liliposhushwa, likakwama njiani. Mchekeshaji mkuu, Eddie Foy, alibaki jukwaani akiwasihi watu wasikanyagane. Milango mingine ilikuwa imefichwa nyuma ya mapazia, mingine ilikuwa na vitasa ambavyo watu wa kawaida hawakujua kuvifungua. Walikufa watu 602 au zaidi, wengi kuliko Vienna. Na hii ilikuwa stima, si gesi.

Ndio maana mtu akiniambia "siku hizi ni LED, hakuna shida", namuangalia tu. Kila kizazi kinaletewa taa mpya na kuambiwa shida imeisha, lakini pazia, umati na mlango uliofungwa vinabaki palepale.

Baada ya moto kama hizo, sheria zikabadilika nchi nyingi: milango ifunguke kwa nje, njia za kutokea ziwe na taa zake, na taa hizo zisitegemee laini ya jukwaa. Ile komeo ndefu ya mlangoni unayoisukuma kwa kiuno ukiwa umebeba vitu, ilitengenezwa Marekani miaka michache baada ya Iroquois, kwa sababu ya Iroquois.

Na mafundi wa jukwaani wakaendelea kujifunza kugawa. Mwanzoni, kufifisha taa kulimaanisha kuipitisha stima kwenye waya wenye ukinzani, ili sehemu yake igeuke joto. Taa inafifia, lakini vile vifaa vya kufifisha, dima, vinachemka kama jiko. Kuanzia miaka ya 1960 zikaenea dima za kielektroniki ambazo hukata mkondo mara mia kwa sekunde, zikipitisha kipande tu. Hazichemki vile, lakini ule ukataji huingia kwenye nyaya za sauti. Umewahi kukaa kwa shoo ukasikia spika zinavuma kama nyuki taa zikififia? Ndiyo hiyo. Ndiyo sababu mafundi wazuri huipa sauti laini yake na taa laini yake, na hawapendi nyaya hizo zilale pamoja. Mwaka wa 1975, A Chorus Line ilikuwa ya kwanza Broadway kuongoza taa zake kwa kompyuta. Lakini hata kompyuta inatoa amri tu. Nguvu yenyewe bado inapita kwenye waya mnene, inaingia mahali pamoja, inagawanywa.

Jumba kubwa huletewa fezi tatu. Nieleze kwa matatu. Una abiria 42 na matatu tatu za watu 14. Ukiwagawa sawasawa, zote zinaondoka vizuri. Ukiwajaza wote kwa moja ati kwa sababu ndiyo iko karibu na mlango, hiyo moja itavunjika na mbili zitapita tupu. Fezi ni hivyo. Fundi wa jukwaa anagawa taa zake kwa fezi tatu ili hakuna moja inayobeba mzigo wa wenzake. Hapa Kenya kila fezi ni volti 240, na kati ya fezi moja na nyingine kuna volti 415, kwa hivyo si kazi ya kujaribu-jaribu.

Sasa tuje nyumbani kabisa.

Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya stima ya Kenya, safari yetu ilianza na jenereta iliyokuwa ya Sultan Barghash wa Zanzibar, ya kumulika kasri lake. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua na kuileta mjini kwake. Yaani mashine iliyokuwa ya mtu mmoja ikaanza kugawiwa watu wengi. Soketi tunazotumia, zile za mashimo matatu ya mstatili, ni urithi wa Uingereza. Kiwango chake kilitoka 1947, na kilikuja na akili fulani: ndani ya plagi yenyewe kuna fyuzi ndogo. Kila kifaa kinabeba mlinzi wake.

Ninyi mnajua tulichomfanyia huyo mlinzi. Fyuzi ikiungua, mtu anachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, anaizungushia, anarudisha. "Sasa iko sawa." Haiko sawa, buda. Umemfukuza askari na kumwacha mwizi na funguo.

Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, ikajengwa kama jumba la michezo. Lakini wengi wetu hatuigizi pale. Tunaigiza kwenye bwalo la shule, ukumbi wa kata, kanisa, baa, paa la jengo fulani. Sehemu hizo ziliwekewa nyaya za balbu chache, redio na birika la chai. Halafu tunakuja na taa za tamasha.

Hesabu ni ya darasa la saba. Soketi moja: ampea 13 mara volti 240, unapata wati 3,120. Ile taa ya zamani ya mkebe mweusi, parkani, balbu yake mara nyingi ni wati 1,000. Tatu zimejaza soketi. Mimi nilikuwa na sita. LED zinakula kidogo sana, kweli, lakini mashine ya moshi inaweza kula wati elfu na zaidi, na bado kuna spika, projekta na mtu wa chai. Na ekstensheni ya gurudumu, ukiuacha waya umezungushwa, hubeba chini ya nusu ya kile inachobeba ukiwa umenyooshwa wote, kwa sababu joto halina pa kutokea. Hiyo imeandikwa kwenye gurudumu lenyewe. Nilikuwa nimeibeba miaka miwili bila kusoma.

Maoni yangu ni haya, na najua mabosi wa mbogi za sanaa hawatayapenda. Tunalipa MC. Tunalipa mtu wa picha. Tunalipa mtu wa poster. Fundi wa stima tunamwita saa moja kabla ya shoo, tunampa soda na nauli. Huo ni utovu wa adabu, na siku moja itakuwa msiba. Fundi wa stima aingie kwenye bajeti kabla ya mavazi. Jina lake liwe kwenye poster pamoja na la mwelekezi. Na awe na mamlaka moja ambayo hata mwelekezi hawezi kuipinga: akisema zima, inazimwa.

Kuna watakaosema sina huruma, vikundi vidogo havina ganji. Nawaelewa, nimetoka huko. Lakini angalia tena yaliyowaua watu Vienna na Chicago. Taa za dharura zilizokuwepo ila hazikuwashwa. Milango iliyofunguka upande mbaya. Mapazia yaliyofunika njia. Kuwasha taa iliyopo hakuna bei, wala kufungua mlango. Kuandika wati za kila kifaa kwa karatasi ni kalamu na dakika kumi.

Siku hizi nikiingia ukumbi mpya, kabla sijafungua hata begi moja, natafuta mlinzi au keyateka na kumsalimia vizuri. Namuuliza mambo matatu. Ubao wa breka uko wapi na ufunguo wake uko na nani? Jikoni inatumia laini gani? Mlango wa pili unafunguliwaje? Halafu nanyoosha ekstensheni zote sakafuni mpaka mwisho, naweka tochi yenye betri kwa kila mlango na mtu wa kuishika, nikikumbuka ule mwali mdogo wa gesi ambao Carte hakuuzima.

Mwezi uliopita keyateka mmoja aliniambia ufunguo wa ubao ulipotea zamani, tuanze tu, haijawahi kuwa shida. Watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni nje na waigizaji wamevaa. Nilikataa. Tulichelewa dakika arobaini akitafutwa mtu wa kuvunja kufuli. Watu walinung'unika, mwelekezi alininunia hadi Jumatatu. Taa ziliwaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata mmoja aliyezitaja akitoka.